Shajara ya dawati la tarehe: Ilagala na mwambao wa kusini, 2024

Jumatatu, 12 Februari

Leo tumeanza. Meza ya kuazima, viti vitatu vya plastiki, kaunta buku la kwaya nne, na kalenda ya ukutani tuliyopewa bure na mwenye duka la pembejeo. Tumeketi barazani kwa ofisi ya mtendaji hapa Ilagala, mkoani Kigoma, mahali ambapo anayevuka Mto Malagarasi kwa kivuko hana budi kupita. Tuko wawili, mimi na mwenzangu wa Sigunga. Sote ni wasaidizi wa kisheria tuliosajiliwa chini ya taasisi, kama Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inavyotaka. Maana yake hatumsimamii mtu mahakamani na hatupokei hata senti. Tunaeleza, tunaelekeza, tunamsaidia mtu kujaza fomu. Basi.

Kazi yenyewe ni ndogo hata kuiita mradi naona haya. Kwa kila anayekuja tunaandika mambo matatu: shauri lake liko mlango gani, linasubiri karatasi gani, na tarehe inayofuata ni lini. Siku ikikaribia tunampigia simu. Wazo lilizaliwa na ubishi. Mwenzangu anasema kesi za watu wa mwambao zinacheleweshwa na mahakama. Mimi nasema nyingi zinachelewa kabla hazijafika mahakamani, na zikitoka huko zinachelewa tena. Tumekubaliana daftari ndilo liamue.

Kuna jambo nimeliandika ukurasa wa kwanza ili tusilisahau. Mahakama ina kipimo chake cha mlundikano: shauri la mahakama ya mwanzo likipita miezi 6, la wilaya au la hakimu mkazi miezi 12, la Mahakama Kuu miezi 24, linahesabiwa kuwa limekaa mno. Kipimo kizuri, ila kinapima umri wa jalada. Mzee mmoja wa Herembe mwenye ugomvi wa shamba wa tangu 2019 hahesabu majalada, anahesabu masika. Amepita milango minne na kila mlango umeanza hesabu upya. Ukiuliza kila ofisi, hakucheleweshwa na mtu.

Jumatatu, 19 Februari

Mgeni wa kwanza wa maana: mama mmoja mwenye michikichi, umri wa mama yangu. Jirani amesogeza mpaka akachukua mistari miwili ya miti inayozaa. Alianzia mahakama ya mwanzo, akarudishwa, maana ugomvi wa ardhi una mabaraza yake. Akaenda baraza la kata. Hapo ndipo aliponasa, tangu Agosti mwaka jana.

Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa linatoa hati kwamba limeshindwa, uende nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kusuluhisha kunataka wajumbe watatu, angalau mmoja awe mwanamke. Katika kata hiyo mjumbe mwanamke aliyekuwa akihudhuria ameolewa Kasulu, na wenzake wanaambiana "wiki ijayo" kila wiki. Mama kaenda mara kumi na moja. Ameziweka alama za mkaa ukutani jikoni kwake, ndivyo anavyojua.

Tulimfungulia kifungu cha 13 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi. Kinasema baraza la kata lisipousuluhisha mgogoro ndani ya siku 30 tangu ulipopelekwa, mlalamikaji anaweza kwenda wilayani bila ile hati. Alininyamazia kidogo.

"Mwanangu, maneno hayo yameandikwa hapo, au unanitia moyo tu?"

Nikamsomea mara ya pili, polepole. Akaomba tumtolee fotokopi ya ukurasa ule mmoja, akaukunja, akaufunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli. Daftarini nimeandika: mlango, Baraza la Wilaya, Kigoma mjini, karatasi, maombi, tarehe, bado.

Siku 30 za sheria, miezi sita ya mama. Mwenzangu amekiri kwamba hapa hakimu hana kosa. Nami nimekiri kwamba mama hana kosa pia.

Jumatatu, 26 Februari

Leo nimempa mtu habari njema na najisikia kiburi kidogo, nikiandike kabla hakijapoa.

Baba mmoja, mvuvi wa dagaa, alishindwa kesi ya deni la injini ya boti katika mahakama ya mwanzo tarehe 5 mwezi huu. Anataka kukata rufaa. Wiki tatu amekaa akisubiri nakala ya hukumu, kwa sababu jirani yake aliyekata rufaa ya shamba aliambiwa bila nakala hapokelewi. Jirani hakudanganywa. Njia ni mbili tu, na watu huzichanganya. Anayetoka Baraza la Ardhi na Nyumba kwenda Mahakama Kuu ana siku 45, lazima aambatanishe nakala, na siku alizokaa kuisubiri hazihesabiwi. Anayetoka mahakama ya mwanzo kwenda mahakama ya wilaya ana siku 30, na kanuni za rufaa hiyo, ambazo ni za mwaka 1964, hazimdai nakala ya hukumu. Zinamtaka aseme sababu zake. Mahakama ya Rufani imeshalieleza hilo. Kwa hiyo siku zake zinakwenda tangu hukumu iliposomwa, awe na nakala asiwe nayo.

Sijui ni wangapi wamezama kwenye shimo hili. Mtu anakwenda masijala kila Jumatatu kwa adabu zote, "shikamoo karani, imetoka?", anajibiwa bado, anarudi nyumbani akiamini anafanya linalotakiwa. Nakala inatoka siku ya 40, naye amekwisha.

Nikamhesabia kwa kichwa: mwisho wako Alhamisi, tarehe 7 Machi. Akasema sawa, giza linaingia mwanzoni mwa mwezi, atavua siku nne tano apate ada na nauli, na Alhamisi yenyewe atakuwa mjini.

Ijumaa, 8 Machi

Februari ya mwaka huu ina siku 29.

Kijana wa steshenari anayewaingizia watu nyaraka kwenye mfumo wa mahakama ndiye aliyegundua. Siku hizi rufaa inapandishwa kwa kompyuta, unapewa kontro namba, unalipa kwa simu. Nilikuwa nimemsindikiza yule baba, sababu za rufaa tumezichapa vizuri, tumekunywa na chai. Kijana akauliza, hukumu ya lini? Tarehe 5. Akatazama kalenda ya simu yake, akahesabu kwa kidole kwenye kioo. "Braza, hii imekwisha jana."

Kalenda ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa changu siku ile ninayomhesabia. Sikugeuka.

Sasa dawa yake ni maombi ya kuongezewa muda, na sheria ya maombi hayo haina huruma ya rejareja: mwombaji lazima aeleze kila siku aliyochelewa. Yeye kachelewa siku moja. Siku hiyo moja inataka hati ya kiapo, wito kwa upande wa pili, majibu ya upande wa pili, tarehe ya kusikilizwa, na uamuzi. Nimejitolea kuapa kwamba kosa ni langu. Nimeongea na wakili wa kujitolea mjini, amesema atamwandikia bila malipo.

Yule baba hakunitukana. Angenitukana ningelala. Alisema, "Kumbe na nyinyi mnakosea," halafu akaomba nimlipie bodaboda hadi Kibirizi awahi boti.

Utaratibu mpya kuanzia leo: hakuna kuhesabu kwa kichwa. Kidole kwenye kalenda, siku ya hukumu haihesabiwi, siku inayofuata ndiyo ya kwanza. Akimaliza mmoja wetu, mwingine anahesabu upya bila kuambiwa jibu. Tusipopata namba moja, tunaanza tena.

Jumatatu, 22 Aprili

Ziwa limepanda. Si mawimbi ya kawaida ya masika, maji yamekuja kukaa. Kibirizi wanatembea juu ya magunia ya mchanga, na huku nyumba za chini kabisa zimeachwa. Bahasha moja ya mteja imelowa. Tumeanika karatasi juu ya meza na kuzilaza mawe kama dagaa. Muhuri umesomeka. Nusu ya tarehe za wiki mbili zilizopita watu hawakufika, wengine kwa sababu boti hazikutoka, wengine walikuwa wakihamisha vitu. Tumewapigia makarani wawili kuwaeleza, na wote wawili walituelewa. Hilo nalo liandikwe.

Jumatatu, 20 Mei

Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi tangu Jumatano iliyopita, 15 Mei, hadi 15 Agosti. Samaki wapumzike, wazaane. Sibishani na hilo, ila kwa dawati letu maana yake ni kwamba wadaawa wetu wengi, yaani wenye kesi, hawana nauli kwa miezi mitatu. Safari moja ya kwenda mjini kusikiliza shauri likiahirishwa ni nauli ya kwenda, ya kurudi, chakula, na mara nyingi kulala, maana boti haikusubiri wewe umalize. Halafu unaambiwa urudi tarehe nyingine. Watu wanasema kesi "imepigwa kalenda", na kwa nilivyoona siku hizi kalenda inapiga kweli.

Tumebadilisha simu zetu. Mwanzoni tulikuwa tunatuma ujumbe siku mbili kabla. Siku mbili zinamfaa mtu wa Mwanga au Gungu, pale mjini. Mtu wa Kalya, mbali huko kusini, akiupata siku mbili kabla amepata salamu za rambirambi. Sasa tunapiga siku saba kabla na kurudia siku tatu kabla, na tunapiga, hatuandiki. Ujumbe mmoja tuliuandika vizuri sana ukaenda kwenye simu ya mjukuu aliyeko shule Kasulu. Akaujibu "sawa".

Jambo jingine dogo limesaidia kuliko nilivyotegemea. Kabla mtu hajapanda boti tunampigia karani kuuliza kama hakimu atakuwepo. Mahakimu wengine wanahudumia zaidi ya kituo kimoja, wiki hii huku, wiki ijayo kule. Karani mmoja mwanzo alituona wambea. Sasa yeye mwenyewe hutubipu.

Jumatatu, 24 Juni

Kesi ya jinai hatuna mengi ya kufanya, lakini hii ilituangukia mezani. Mama mmoja, mwanawe alikuwa mahabusu gereza la Bangwe wiki ya tano kwa shtaka la kujeruhi. Kila baada ya siku 14 hivi analetwa, kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Mama alikuwa anakusanya fedha "za kununua dhamana". Kauza mbuzi wawili.

Tukamuuliza hakimu alisema nini siku ya kwanza. Alisema dhamana iko wazi, wadhamini wawili wenye barua ya mtendaji na kitambulisho. Hakuna aliyemfafanulia kwamba "iko wazi" maana yake mwanawe angelala nyumbani siku ileile. Barua tumezipata kwa saa moja na nusu. Kuna mtu pale nje ya mahakama aliyekuwa amempa mama bei. Vishoka wa namna hiyo hawajifichi hata kidogo, wana begi la ngozi na kalamu mbili mfukoni, na mtu wa mwambao akiwaona anadhani ni mahakama yenyewe.

Kijana katoka Alhamisi. Mbuzi hawakurudi.

Jumatatu, 15 Julai

Leo ilikuwa siku ya mirathi tupu. Familia tatu, na moja imetuchukua tangu asubuhi hadi jua kuzama.

Marehemu alifariki 2016, akaacha wake wawili, watoto tisa, nyumba Ujiji, na shamba la michikichi huku. Mwaka 2017 kaka mkubwa aliteuliwa na mahakama ya mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo upo, cheti cha kifo kipo, barua ya uteuzi, yaani Fomu Na. 4, ipo na wameiwekea nailoni. Wanakuja kwetu kuuliza kwa nini mahakama haijawagawia mali kwa miaka saba.

Mahakama haigawi. Msimamizi ndiye anayekusanya, analipa madeni, anagawa. Kanuni zinamtaka ndani ya miezi minne alete Fomu Na. 5 yenye orodha ya mali na madeni, kisha Fomu Na. 6 ya hesabu ya alivyogawa, ndipo shauri lifungwe. Kaka mkubwa aliposikia hayo alitoa macho. Kwa miaka saba amekaa akisubiri kuitwa. Wadogo zake kwa miaka saba wameamini anakula kodi ya nyumba kwa mgongo wa mahakama. Mke mdogo ameshafungua kesi mbili, moja ya ardhi na moja ya madai, zote zikatupwa, kwa sababu jambo lenyewe liko kwenye jalada la mirathi ambalo bado liko wazi.

Walianza kugombana palepale. Mwenzangu, ambaye ana sauti ya mwalimu, akawauliza swali moja: nyumba ya Ujiji ina vyumba vingapi? Kila mmoja akataja namba tofauti. Basi tukaanza na vyumba. Tulipofika saa kumi na moja jioni orodha ilikuwa imejaa ukurasa na nusu, pamoja na cherehani moja ambayo mke mkubwa alisema ni yake na hakuna aliyebisha. Fomu Na. 5 itapelekwa wiki ijayo, pamoja na ombi la msamaha wa kuchelewa.

Jioni, tukifunga, mzee mmoja aliyekuja na familia hiyo kama shahidi wa ukoo alitusimulia rufaa yake ya zamani. Kabla Mahakama Kuu haijaletwa Kigoma mwaka 2020, rufaa ya mtu wa hapa ilikuwa inasikilizwa na Kanda ya Tabora, isipokuwa majaji wakija wenyewe kwa vikao. Karibu kilomita 400 za reli. Alikwenda mara sita. Mara ya tatu treni ilichelewa, akafika jaji ameshainuka. "Nilikula maembe ya Tabora mpaka nikawajua wauzaji kwa majina," alisema, "na shamba lenyewe halifiki ekari mbili." Alishinda. Nilimuuliza kama alirudishiwa gharama. Alicheka, akaniomba moto wa sigara.

Jumatatu, 12 Agosti

Tumekubaliwa. Mahakama ya wilaya imempa mvuvi wetu siku 14 kufungua rufaa yake. Upande wa pili walipinga mwanzo wakisema uzembe wa mshauri si sababu, na kwa kweli wana hoja. Mimi mwenyewe ningesema hivyo. Hakimu alisema siku ni moja, sababu imeapiwa na aliyekosea, na yule mtu alianza kuhangaika keshoyake.

Siku moja ya hesabu mbaya imekula miezi mitano. Nimeandika hilo kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa Machi.

Mwenzangu ananikumbusha Ibara ya 107A ya Katiba, inayoiagiza mahakama ifuate kanuni ya "kutochelewesha haki bila sababu ya kimsingi". Anaipenda sana. Leo aliisoma halafu akaniuliza, je, wewe Februari yako ni sababu ya kimsingi? Sikumjibu.

Jumatatu, 9 Septemba

Kesi ya mama wa michikichi imesimama kwa ajili ya jina. Wito wa Baraza ulipelekwa kijijini kwa mjibu maombi. Jina hilo, la kwanza na la baba, wanalo wanaume wanne. Ulipokelewa na wa pili kwa umri, ambaye hana shamba wala habari, akautia sahihi kwa heshima ya muhuri. Siku ya shauri akaja Kigoma kwa nauli yake kueleza kwamba yeye siye. Baraza zima lilicheka, mwenyekiti naye, kisha likaahirisha.

Tumeongeza safu daftarini: jina la babu, jina la utani, na kitongoji. Wito mpya umeandikwa "maarufu kama" na jina lake la utani, ambalo sitaliandika hapa. Umempata siku mbili tu.

Tumekaa pia kuhesabu sababu za kuahirishwa kwa mashauri yote tuliyoyafuata tangu Februari, ili ubishi wetu uishe. Haukuisha. Safu iliyojaa kuliko zote ni ya karatasi: nakala, barua, fomu, kiapo, risiti. Inayofuata ni "upande wa pili hakuja". Hapo nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Lakini safu ya "hakimu hayupo" na "jalada limeitwa juu" si fupi nilivyodhani, na ndizo ambazo dawati kama letu haliwezi kuzigusa. Jalada likiitwa na mahakama ya juu kwa ajili ya rufaa ndogo, kila kitu kilichomo kinakwenda nalo, na huku chini aliyeshinda anashika hukumu asiyoweza kuikaza, yaani kuitekeleza.

Kuna pia safu ambayo hatukuipangia. Bibi mmoja wa kabila la Watongwe alijibu "ndiyo" kwa kila swali alilosomewa na upande wa pili, likiwemo kama anakubali kwamba anadaiwa. Lugha ya mahakama ni Kiswahili, tangu 2021 sheria imeweka hivyo hata ngazi za juu, na ni jambo jema mno kwa nchi. Bibi huyu Kiswahili chake ni cha sokoni. Hakuna aliyeuliza kama anataka mkalimani, sisi tukiwa wa kwanza kutouliza. Tulimhoji kwa Kiswahili na akatujibu "ndiyo" vilevile. Mjukuu wake ndiye aliyetuambia. Sasa swali hilo ni la kwanza kabisa, kabla ya mlango, karatasi na tarehe.

Jumatatu, 25 Novemba

Kampeni za serikali za mitaa zinafungwa kesho, kura ni Jumatano. Anayehitaji barua ya mwenyekiti wa kijiji asubiri. Tumeligundua mapema mwezi uliopita, tukawaambia wote wenye tarehe za mwisho wa Novemba wachukue barua zao Oktoba. Wengi walichukua. Yule kaka mkubwa wa mirathi hakuchukua, ila yeye sasa hana haraka. Fomu Na. 5 imepokelewa, nyumba ya Ujiji imekubalika ibaki ya wake wawili kwa sasa, na wadogo zake wanamwamkia tena.

Vocha za mradi zimekwisha tangu tarehe 14. Tunapiga kwa zetu.

Jumatatu, 16 Desemba

Baraza la Ardhi na Nyumba limewasikiliza mashahidi wa mama wa michikichi wote watatu siku moja, pamoja na mtendaji mstaafu aliyepima mpaka kwa hatua mwaka 1998 na bado anakumbuka idadi. Uamuzi utasomwa 29 Januari. Mama amekuja kutuambia mwenyewe, ametuletea chupa ya mawese. Mwenzangu alitaka kuikataa kwa ajili ya sheria. Tumekubaliana aiache kwa mke wa mtendaji, naye akatupikia maharage ya mawese mchana tukala wote, mama akiwemo. Sheria ilisema malipo, haikusema chakula. Labda nimeisoma vibaya.

Ameuliza akishindwa ana siku ngapi. Siku 45 tangu uamuzi, kwenda Mahakama Kuu, na hiyo sasa ipo hapahapa Kigoma. Akasema tumhesabie kabisa, hata kama hajashindwa, anataka kuijua tarehe akiwa bado ana nguvu.

Nilinyanyuka kwenda ukutani nikakuta kalenda imeishia Desemba. Tukamwomba dereva wa haisi ya mchana atutafutie nyingine mjini. Ameileta saa kumi, ya kampuni ya mbegu, picha ya mahindi kila mwezi. Mama alikuwa bado amekaa. Kabla sijaipigilia msumari nilifunua Februari 2025.

Ishirini na nane. Nikamwonyesha mwenzangu, naye akahesabu.